Kabula Hakukimbia Nyuki

Ijumaa, jioni. Joto la Mkolani leo halina huruma, na mvua iliyokuwa inanguruma upande wa ziwani imeondoka bila kutupa hata tone.

Naandika kwa mkono mmoja. Wa kulia umevimba kama andazi.

Nimeoga, nimekunywa chai, nimesali, na bado sijatulia.

Jana nilifundisha darasa la nne kuhusu nyuki, pale shuleni kwetu Buhongwa. Tangu niajiriwe sijawahi kufundisha somo likanoga vile. Niliwatoa nje hadi kwenye maboga tuliyopanda nyuma ya darasa, wakaona wenyewe nyuki anavyotoka ua hili kwenda lile, chavua imemganda miguuni. Nikawaambia bila huyu hakuna boga, hakuna tikiti, na maembe tutayasikia kwa jina. Kabula, binti mmoja mpole ambaye mama yake anauza mboga sokoni, akauliza: kwa hiyo maboga ya mama ni kazi ya nyuki? Nikamwambia ndiyo. Alifurahi utadhani nimemtajia ndugu yake.

Sasa niseme ukweli. Kwenye mwarobaini wa shule tuna mzinga, na kwenye kikao kilichopita wazazi wengi walitaka uchomwe moto. Nilitaka watoto wakawatetee nyuki huko nyumbani, kwa hiyo nikafundisha mazuri matupu. Nikasema nyuki hana shida na mtu aliyetulia. Tukaitikizana: nyuki akija? Tunatuliaaa! Tukacheza na mchezo kabisa. Nikipaza sauti "nyuki!", kila mtu anaganda alipo, anayetikisika anatoka. Kabula akabaki peke yake. Tukampigia makofi.

Nyuki mmoja kwenye ua, sawa, tulia. Lakini kundi likitoka mzingani unakimbilia ndani na kufunga mlango. Hilo nalijua tangu nikiwa mdogo kule Misungwi, na naamini hata Kabula alikuwa analijua. Sikulisema kwa sababu niliona litawatia hofu.

Leo asubuhi darasa la saba walikuwa wanafyeka nyasi chini ya mwarobaini, usafi wetu wa kila Ijumaa. Fyekeo moja likagonga shina.

Sijawahi kusikia mvumo kama ule. Walikimbia wote, wanafunzi na walimu, hata mwalimu mkuu akaingia ofisini na kiatu kimoja. Nilikuwa mlangoni nawavuta watoto ndani nilipotazama uwanjani.

Kabula alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono imenyooka ubavuni, macho ameyafumba. Ametulia.

Nyuki walikuwa wamemfunika kichwa.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka nimemfunika kwa kitenge changu na kumbeba, na yeye mwili umekakamaa, bado anajitahidi asitikisike. Bodaboda ikatukimbiza kituo cha afya.

Wamemtoa miiba, wamemchoma sindano. Daktari anasema atapona, ila alale pale wamwangalie. Namshukuru Mungu. Mama yake alifika mbio na aproni yake ya sokoni, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumwokolea mwanawe. Mimi! Kisha akamgeukia mtoto.

"We Kabula, wenzako wote wamekimbia, wewe miguu ulikuwa huna?"

Kabula akageuza kichwa upande niliposimama. Uso ulikuwa umevimba hadi macho hayaonekani. Aliisikia sauti yangu tu, akaniita mimi.

"Mwalimu, mimi sikutikisika hata kidogo."

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamjibu kama vile tuko darasani: "Vizuri sana."

Vizuri sana!

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi, nikalia. Mama Kabula akadhani ni maumivu ya mkono, akaniletea maji ya kunywa. Nikayapokea, nikanywa. Nikarudi nyumbani na shukrani zake.

Nasikia Jumatatu wazazi wanakuja kuuchoma mzinga. Hayo nitayakuta huko huko. Kinachonishtua zaidi ni kingine, na nimekiona nikiwa nimeshafika hapa nyumbani. Nyuki wakitoka tena, mtoto yule atasimama tena. Leo ana uhakika zaidi kuliko jana, maana mwalimu amemwambia amefanya vizuri.

Kesho alfajiri naenda kituo cha afya. Nitamweleza mama yake nilichofundisha, na kama ni kunifukuza mle wodini anifukuze, ila nikishamwambia mwanafunzi wangu ile nusu ya somo niliyomficha.

Kabula, mwanangu, kimbia. Hata kama mwalimu amesema tulia, wewe kimbia.