Viti Vinne na Maporomoko Yaliyonyamaza

Mpendwa Bi Hester,

Safu yako ya gazetini nimeijua kwa masikio kabla ya macho, maana mke wangu alikuwa akinisomea kutoka jikoni kila Alhamisi, huku akikuunga mkono au kukubishia kana kwamba umeketi naye mezani, na sasa kwa kuwa yeye hayupo naomba mimi mwenyewe nikusogezee kiti, kwani nina jambo nimelizungusha kichwani mpaka silijui tena mwanzo wala mwisho.

Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari ya hapa Sorrel Bend. Si msomi mkubwa. Nilipita chuo kidogo cha ualimu nikarudi nyumbani, na miaka yote nimewafundisha watoto historia ya Marekani kama nilivyofundishwa mimi, marais, vita, reli, mtihani, likizo. Mke wangu Marit alifariki vuli iliyopita matofaa yakiwa bado mtini. Alikuwa na tabia ya kukausha vipande vya tofaa na kunitilia kimoja mfukoni mwa koti bila kusema neno, na juzi nilipovaa koti la mvua nikakikuta kimoja, kigumu kama ngozi ya kiatu, nikafundisha kipindi kizima nimekishika kiganjani.

Shamba la matofaa la upande wa mama yake liko chini ya ziwa la bwawa letu. Marit alizaliwa baadaye, hakuliona kamwe, lakini alijua mistari ya miti yake kama mtu ajuavyo vyumba vya nyumba yake. Tangu aondoke, nikitoka shule hujilaza kidogo kwenye kochi, jua likiwa bado dirishani, na ndoto huwa ile ile: mitofaa imesimama chini ya maji na majani yake, samaki wa samoni wanapita polepole kati ya matawi, Marit yuko juu ya ngazi na kikapu chake, nywele zikielea, nami namwita kwa upole maana sitaki kumshtua, naye hageuki. Hakuna sauti yoyote. Hata kikapu kikigonga ngazi hakilii.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Unaijua Siku ya Bwawa, kila masika, mji mzima juu ya ukuta na viti vya kukunja na sandwichi, na mwanafunzi mmoja wa darasa langu husoma ile karatasi ambayo sote tunaijua kwa moyo, inayoanza, "Kabla ya bwawa mahali hapa palikuwa patupu," na kuishia, "mto ukatulia, na taa zikawaka," na hayo maneno ya mwisho watu wote huyasema pamoja na msomaji, hata wazee, hata wanaotafuna. Nimewafundisha watoto kuisoma karatasi hiyo miaka yote bila tatizo. Mwaka huu binti mmoja alipokuwa akifanya mazoezi akasema "patupu", nami nikaiona ile ngazi, Bi Hester, nikashindwa kumsikiliza hadi mwisho.

Nikamwendea mkuu wa shule nikamwomba watoto waandike upya, kila mmoja kwa kumsikiliza mtu, na yeye akakubali upesi kuliko nilivyotegemea, nadhani kwa ajili ya msiba wangu. Nikapanga viti vinne katikati ya darasa: kimoja cha waliojenga bwawa, kimoja cha wenye mashamba yaliyozama, kimoja cha manahodha wa majahazi ya ngano, na kimoja cha wenyeji wa asili, watu wa mto, ambao walikuwa wakivua samoni pale kwenye maporomoko, ambayo sasa yako chini ya ziwa, kwa nyavu za mipini mirefu kabla babu wa babu zetu hawajavuka bahari. Nilijiona nimefungua dirisha. Dewey Pruitt, ambaye hakosi la kusema, akasema, "Mwalimu, mimi nipe kiti cha samaki, maana yeye ndiye hajaulizwa kabisa," darasa likacheka, na mimi nikacheka.

Kisha nikamwomba Leota Jim akae kile kiti cha nne. Leota ndiye peke yake kutoka kwa watu wa mto katika kipindi hicho. Ni mtoto mwenye akili na sauti kubwa, hata wenzake humtania, "Leota, punguza, hatuko ng'ambo ya mto!"

Akaniuliza, "Mbona mimi?"

Nikamwambia, "Tungependa kusikia watu wenu walilionaje bwawa."

"Watu wetu wote?"

"Kwa jumla tu."

"Haya, Mwalimu, tuanze na wewe basi. Wazungu kwa jumla walilionaje?"

Darasa likaguna "uuuuh". Leota akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, jambo ambalo sijawahi kulisikia kwake: "Babu yangu alizaliwa kwenye maporomoko yale. Halafu akamwaga zege kwenye ukuta ule ule, kwa sababu samaki walikuwa wanakwisha na watoto walitaka kula. Sasa niambie, nikae kiti gani?" Akachukua mkoba wake akatoka. Tangu siku hiyo, kipindi changu kikifika yeye huenda maktaba. Nimemwona kupitia kioo, hasomi, anatazama ziwa.

Baada ya hapo nilikuwa dukani natafuta siagi na sauti ikaja kutoka rafu za nyuma kabisa, duka zima likageuka, alikuwa bibi yake Leota, Bibi Viola, "Wewe! Ndiwe mwalimu wa viti?" Nikakiri. Akasema, "Siku moja njoo nacho hicho kiti chako kwangu. Ukae tu. Usiulize kitu." Sijaenda, Bi Hester. Naona aibu.

Na nyumbani ni moto. Baba mkwe wangu, Mzee Ansel Brekke, anaishi nami tangu Marit alipougua. Alijenga bwawa lile akiwa kijana, na kila Siku ya Bwawa huketi mstari wa mbele na kofia yake ngumu mapajani. Alipopata habari za darasa langu alipiga meza.

"Unataka watoto waniite mwizi mbele ya mji mzima!"

"Hakuna aliyesema mwizi, baba."

"Bado! Hawajasema BADO! Nipe chumvi!"

Nikampa chumvi. Yeye husema kila kitu kwa kupaza sauti, hata sala ya chakula, na Marit alikuwa hivyo hivyo, akiongea kwenye simu jirani aliitika. Wana kisa chao cha familia ambacho mzee hukisimulia kila sikukuu ya Shukrani, ile ya bata mzinga: kwamba maporomoko yalikuwa na ngurumo kiasi kwamba kila mtu kandokando ya mto alizoea kupiga kelele ili asikike, na siku milango ya bwawa ilipofungwa na maji yakapanda na ngurumo ikazimika, wao waliketi kula chakula cha mchana wakaendelea kupigiana kelele mtu na mwenzake waliogusana viwiko, "CHUMVI! LETE CHUMVI!" kwa majuma mengi, hawakuweza kuacha. Marit alikuwa akicheka mpaka machozi. Mzee akimaliza huinuka akaenda dirishani, nasi tukakata keki.

Sasa amesema kama karatasi ya zamani haitasomwa atafungasha ahamie kwa mpwa wake aliye mjini Spokane. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani anayelitamka jina la Marit vile lilivyotamkwa na mama yake. Nikisikiliza nyumba bila yeye, nasikia kile kimya cha ndotoni.

Basi nimefikiri labda nirudishe karatasi ile ile, mzee abaki, Leota aachwe apumzike, na mimi nirudi kwa marais na reli. Watoto watasahau. Siku ya Bwawa ni mwezi ujao. Nifanye nini?

Mwalimu wa Ukingoni, Sorrel Bend

*

Mwalimu,

Pole kwa Marit. Nimefurahi kujua kwamba alikuwa akinibishia, wasomaji wangu wazuri wote hunibishia. Na hicho kipande cha tofaa, ukile. Kilikaushwa ili kiliwe.

Sasa kaa sawa.

Kwanza Leota. Hukuwa na ubaya, lakini uliwapa watoto wote ruhusa ya kwenda kutafuta historia, na yeye ukampa mzigo wa kuwa historia yenyewe. Wenzake watauliza watu maswali. Yeye peke yake ajibu kwa niaba ya wafu wote. Kisha unashangaa kwamba mtoto ameenda maktaba! Mimi ningeenda Kanada. Kesho kamngoje mlangoni pa maktaba, si mbele ya darasa, umwambie, "Nilikosea kukuweka kwenye kile kiti. Naomba radhi." Ukome hapo. Usimweleze nia yako ilivyokuwa njema, nia njema hata mimi ninazo kabati zima. Mwambie ana haki kama Dewey ya kuchagua atakayemsikiliza, awe nahodha wa jahazi, awe muuza barafu, na akitaka kusikiliza watu wa kwao ni uamuzi wake, na asipotaka kuandika neno hata moja alama zake hazitapungua. Viti vile virudishe ukutani leo hii. Mtoto amekuonyesha kwamba babu yake alikuwa wa viti viwili kwa siku moja, na mkeo alikuwa binti wa mjenzi na mjukuu wa shamba lililozama. Sijui ulitaka Marit akae wapi.

Pili, karatasi ya zamani. Usiirudishe. Usinitajie amani ya nyumbani. Kila mwaka mtoto akisimama juu ya ukuta ule akasema palikuwa patupu, hawafuti watu wa mto peke yao, anafuta na mitofaa ya mama mkwe wako, mstari kwa mstari. Umekuwa ukimfundisha mtoto wa watu amfute mkeo, na wewe ndiye unayemsahihisha matamshi. Ila maneno ya mwisho yaacheni. Taa ziliwaka kweli. Nilikuwa mtoto, nilikuwepo, mama yangu alisimama chini ya balbu jikoni akalia kwa furaha, na sitaki mtu aniambie kwamba machozi yale yalikuwa ya kijinga. Nayo ni historia. Mji uyaseme kwa pamoja kama kawaida, lakini safari hii wayafikie baada ya kusikia yaliyotangulia.

Tatu, Mzee Ansel. Acha kujadiliana naye mezani, meza ile ni uwanja wake, atakushinda na chumvi yake. Mzee hagombei karatasi. Anaogopa kwamba katika uzee wake, binti amezikwa, mtoto wa shule atasimama na kumwambia kazi ya mikono yake ilikuwa uovu mtupu. Nani asiogope hilo? Lakini hebu nikuulize. Miaka yote hiyo amesimulia kisa cha chumvi, mmecheka, akaenda dirishani. Je, kuna mtu aliyewahi kumfuata dirishani? Mwalimu wa historia umeoa katika nyumba ile, ukabaki unakata keki!

Umtume Dewey Pruitt kwake. Ndiyo, huyo huyo wa samaki. Mzee atamfokea, naye mtoto hatajali. Amwombe kisa cha chumvi, na kikiisha asicheke, aulize kitu kimoja: "Halafu ukimya ule ulikuwaje?" Kisha anyamaze. Dewey kunyamaza ni kazi, mpe mazoezi.

Na hapa nakugombeza kwa mara ya mwisho. Umeniandikia barua ndefu, umenieleza kwamba mzee anapiga kelele, Marit alipiga kelele, Bibi Viola anakuita kutoka nyuma ya duka watu wakageuka, na Leota wanamtania apunguze sauti. Umeyaandika yote kwa mkono wako ukapita kama mtu anayepita mlango wa nyumba yake mwenyewe. Hao wote wamejifunza kuongea kando ya maji mamoja, wao wenyewe au waliowalea. Maporomoko hayapo, sauti zao bado zinapanda juu yake. Ni nani mwingine katika mji huu anayeyakumbuka kwa mwili wake hivyo?

Kwa hiyo Jumamosi hii uende kwa Bibi Viola. Alikualika, na mwaliko wa mwanamke yule haukai milele. Chukua kiti kweli, kiwe kimoja cha kukunja, na usiulize kitu, kama ulivyoambiwa. Umwambie Mzee Ansel kwamba unakwenda nyumbani kwa mjane wa babu yake Leota, mtu aliyemwaga zege pamoja naye, na kwamba gari lina nafasi. Akikataa, nenda peke yako, na Jumamosi inayofuata mwambie tena. Akifungasha kwenda Spokane, mbebee sanduku, mpigie simu kila Jumapili, na usibadilishe mstari mmoja wa kazi ya watoto kwa ajili ya kumrudisha. Ila nakuambia hatafika Spokane. Atataka kujua yule marehemu mwenzake alisema nini juu yake.

Mzee na Bibi Viola wakikutana, watapiga kelele. Usimwombe yeyote apunguze sauti. Wanafunzi wako waketi pembeni wasikilize jinsi maporomoko yalivyokuwa makubwa.

Na ile ndoto yako, sitaki kuigusa sana, ni yako. Neno moja tu. Unasema unamwita kwa upole naye hageuki. Huyo ni binti wa Ansel Brekke, Mwalimu, na ana maji juu yake.

Paza sauti.

Bi Hester