Fidla ya Babu Ilivyotutapisha

Viwanja Sitini, Ifakara

Dada Digna, shikamoo.

Natumaini wewe na shemeji huko Mngeta hamjambo. Sisi wazima, ila pua zetu ndizo zinazoumwa. Simu yako haipatikani, basi pokea mwandiko wangu wa darasa la sita, unaowashinda wa kidato cha nne.

Ile fidla ya marehemu babu, isiyo na jina wala alama ya fundi, baba mdogo Beatus alishaamua ni ya Mjerumani. Akamtumia picha mnunuzi wa Morogoro, naye akaahidi kuja kuiona. Bibi Merina alimsihi aiache ukutani, kwani ndicho kitu pekee cha mumewe alichobaki nacho. Akaambiwa atulie, wazee hawajui thamani ya vitu.

Mimi, mtaalamu wa familia, nikaitwa kuchungulia ndani kwa tochi ya simu. Niliona mavi ya panya, mabawa ya mende, na kitu chenye manyoya ambacho sikutaka tujuane. Alama hakuna. Basi baba mdogo, ili mgeni asitudharau, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, kama sufuria ya ubwabwa. Nilimwambia itaharibika, akaniuliza nimesomea wapi.

Ikaachana vipande vipande. Gundi ilipolowa ikanuka, dada, kama ng'ombe aliyefia dimbwini. Nilikimbilia chooni kutapika, nikakuta chooni kunanukia. Mgeni alifika, akaziba pua kwa leso, akageuza ubao mmoja na kusema ni mvule wa mitumbwi ya hapa hapa, Ulaya haihusiki. Thamani yake kuni. Baba mdogo akatupa vyote jalalani.

Bibi akaenda kuviokota kimoja kimoja, pua wazi. Ndipo aliponiambia asilowahi kumwambia mtu. Babu aliichonga mwenyewe kutoka ubavu wa mtumbwi mbovu, na gundi aliichemsha yeye bibi, kwa ngozi ya ng'ombe, wakiwa wachumba. Kwao walidhani anapikia mbwa. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote baba mdogo akijitapa na Mjerumani wake. Akajibu kuwa kwa kudhaniwa ya Mjerumani, ilitundikwa ukutani ikaheshimiwa. Ingejulikana ni ya babu, sisi watoto tungeichezea.

Jana kanituma kwa Masanja, yule Msukuma mfugaji, kuomba vipande vya ngozi vya gundi, tuiunge fidla upya. Sasa hivi vinachemka. Baba mdogo kahamia kwa rafiki yake. Mimi nakoroga, pamba puani. Bibi kavuta kigoda hadi kwenye mvuke, na anatabasamu.

Msalimie shemeji na wanao. Ukija wiki hii, uje umeshakula.

Mdogo wako mwenye pua iliyoteseka,
Omega