Boti ya Injini na Upondo wa Mama Mkwe

Jumamosi, upande wa juu wa mto Malagarasi. Asubuhi mawingu, mchana jua la masika linachoma kama limetukanwa. Mgongo unauma, moyo umeshiba.

Daftari langu, wewe unanijua. Nimepigana Burma, nimeona meli za Kolombo zenye ghorofa kama majumba. Niliporudi Tabora nikaapa kwamba mwanamume kama mimi hafi na baiskeli tu. Ndiyo maana mzungu mmoja mpima ardhi alipofungasha kurudi kwao, boti yake ndogo ya mbao ikawa yangu, pamoja na injini ya kufunga nyuma. Mtaa wetu wa Cheyo mzima ulikuja kuiona. Miezi mitano ilikaa uani kwangu, juani. Kila mgeni nilimketisha ndani yake, nikampa chai, nikamsimulia bahari.

Kosa lilianzia hapo, ila sikulijua.

Nilikuwa nimemwahidi mama mkwe safari. Si kwa mdomo wangu, la. Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawasemezani wala hawatazamani usoni. Maneno yanapita kwa mke wangu. Miaka kumi na miwili ya ndoa, sauti yake nimeisikia kutoka upande wa pili wa ukuta tu. Dada yake huyo mama anaishi huku upande wa juu wa mto, na macho yake yanazima. Alituma neno: anataka kumwona mdogo wake angali anaona. Njia ya miguu imejaa maji, mtumbwi dhidi ya mkondo wa masika ni siku nzima, na mama ni mzee. Nikasema niachieni mimi.

Jumanne tuliishusha boti kutoka kwenye behewa la mizigo, tukaitia mtoni. Ikanywa maji kama ngamia. Mbao zilikuwa zimekauka na kuachana kule uani. Na mimi, fundi mkubwa, nilikuwa nimeziba nyufa kwa nta ya nyuki, maana Tabora tukikosa vyote, nta hatukosi. Jua la njiani lilikuwa limeiyeyusha yote. Watu wa ukingoni walicheka mpaka wakakaa chini.

"Baba Agnesi," mke wangu akaniambia, "mama anasema uizamishe."

"Niizamishe? Mwambie hii si maharage ya kuloweka!"

Mama mkwe alikuwa amesimama hatua kumi, amenipa mgongo, khanga kichwani. Akamjibu binti yake kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie mumeo mbao na maharage ni ndugu. Vyote ukiviloweka vinavimba."

Nilikuwa nimesahau mimi nazungumza na nani. Babu zake ndio waliovusha misafara hapa kwa mitumbwi. Babu zangu walibeba pembe za ndovu, wakafika ukingoni, wakangoja zamu ya kuvushwa. Basi nikaifungua injini na kuiweka kando, nikaijaza boti mawe, ikalala chini ya maji siku tatu.

Leo alfajiri tumeiinua. Imebana kama ngoma.

Nikachanganya petroli na oili kama mzungu alivyonionyesha, nikafuta plagi, nikakaza skrubu za injini. Mke wangu akauliza makasia yako wapi. Nikacheka. Nimeyaacha Cheyo! Mwenye injini kubeba makasia ni sawa na mwenye lori kumpakia punda. Mama mkwe yeye akapanda na upondo wake mrefu wa kusukumia mtumbwi. Nikamnong'oneza mke wangu, "Mama anadhani tunakwenda kuvua?"

Mama akakaa mbele, uso mtoni. Mke katikati. Mimi nyuma na injini. Desturi haikuguswa hata kidogo.

Tulikwenda vizuri kama saa nzima, nami nikiimba. Halafu pangaboi, lile panga la injini linalozunguka majini, likagonga gogo lililozama. Injini ikapiga kelele kuliko mwanzo, lakini boti haiendi. Kuna pini ndogo, nyembamba kama msumari, inayokatika ili pangaboi lisivunjike. Ndiyo iliyokatika. Mzungu alinipa mbili za akiba. Ziko Cheyo, kwenye kopo la majani ya chai.

Mkondo ukatugeuza ubavu, ukaanza kutupeleka kwenye matete. Kwenye matete kulikuwa na viboko. Nilihesabu masikio, nikaacha kuhesabu.

Nikaganda. Mimi, mtu wa Burma.

Mama mkwe akasimama na upondo wake, akageuka, akanitazama usoni.

"Mkwe! Usikae kama gunia! Ng'oa huo ubao unaoukalia, piga maji kulia! Kulia, nimesema!"

Nikaung'oa. Nikapiga maji kama mwendawazimu. Yeye mbele anachoma upondo, anasukuma, anachoma tena. "Hivyo hivyo, mwanangu! Usiwatazame, nitazame mimi!" Nikamtazama yeye tu, mpaka tukatoka kwenye maji yao, tukapata kina kifupi. Hapo nikang'oa msumari kwenye sanduku la mke wangu, nikaukata kwa koleo, nikauchomeka mahali pa pini. Tukafika.

Dada mtu alikuwa barazani. Akamshika mdogo wake uso kwa mikono miwili, akamvuta mpaka pua zikakaribia kugusana.

"Umezeeka wewe," akasema.

"Basi unaona bado," mama akajibu.

Wakacheka, wakalia, wakacheka. Mimi nikaenda kukagua injini isiyohitaji kukaguliwa.

Jioni mke wangu ameniletea ugali na paja la kuku, na ujumbe: "Mama anasema yeye hakukusemesha. Ni mto uliosema."

Sasa ona mtihani wangu. Hiki ndicho kisa kizuri kuliko vyote nilivyo navyo, Burma imo. Lakini nikikisimulia Cheyo, nitakuwa nimemtangaza mama wa watu kwamba alivunja mwiko. Nitaweza kweli kunyamaza, mimi huyu? Nitaweza. Wakiuliza safari ilikuwaje, nitasema mto ulikuwa mzuri.

Tukirudi Jumatatu, upondo nitaupakia mimi mwenyewe, kabla ya injini.