Pamba za Sikio la Kushoto

Jumatatu, 6 Juni 1994

Zamu ya asubuhi. Usaha tena, sikio lilelile la kushoto. Nimelifuta chooni kabla ya kukaa kwenye swichibodi ya simu. Hedifoni yetu ina kisikilizio kimoja tu, nacho huvaliwa kushoto, ili mkono wa kulia uchomeke waya na kuandika. Leo wateja wote wa Sumbawanga walikuwa wanaongea kama watu waliofunikwa blanketi. Nilikandamiza kisikilizio mpaka sikio likauma. Hakuna nafuu.

Tausi, mwenzangu wa zamu, amenicheka. "We Skola! Mteja anabweka mpaka namsikia mimi niliyeko mlangoni, wewe unamwambia apandishe sauti!" Nikacheka naye. Sikufurahi hata kidogo.

Jumatano, 8 Juni

Mfanyabiashara wa mpunga amelalamika kwa mkuu wa kituo. Nilimkatia simu ya Tabora akiwa katikati ya maneno. Ni kweli. Sikusikia kitu, nikadhani laini imekufa.

Mkuu hakugomba. Afadhali angegomba. Amesema niende hospitali, na mwisho wa Julai daktari athibitishe kwamba nasikia vizuri. La sivyo swichibodi atapewa mtu mwingine, mimi nihamie dirisha la stempu.

Siwadharau wauza stempu. Ila hii kazi naipenda. Mama wa kijiji cha Kasekese anakuja kwa miguu kutafuta sauti ya mwanawe aliyeko Mwanza, na mimi ndiye ninayeichomeka. Hakuna kazi nyingine mjini hapa inayonipa hilo. Siitoi.

Ijumaa, 10 Juni

Hospitali. Foleni ndefu. Daktari amelimulika sikio: ngoma ina tundu. La zamani, tangu utotoni. Kisha akagonga chuma chenye meno mawili kama uma na kukishika karibu na sikio. Nilisikia kwa mbali sana. Akakisimamisha kwenye mfupa nyuma ya sikio: kikalia waziwazi. Nilishtuka. Amesema hiyo ni habari njema, ndani kabisa hakuna ubovu, palipoharibika ni mlangoni.

Dawa yenyewe ni ukavu. Nisokote pamba safi, niingize, niiache inyonye, niitoe, nirudie mpaka msokoto utoke mkavu. Kutwa mara nne. Maji yasiingie. Nisitie kitu kingine chochote. Likikauka, tundu huenda likajifunga lenyewe. Lisipojifunga kuna upasuaji Dar es Salaam, lakini sikio bichi hawaligusi.

Jumamosi, 11 Juni

Nimemweleza Shangazi, ambaye nakaa kwake hapa Makanyagio. Hakupenda. Kwake sikio bovu hutiwa maziwa ya mama anayenyonyesha, na ndivyo alivyonitibu tangu nikiwa mdogo. Safari hii ana hazina mlango wa pili: Mama Kulwa, jirani yetu Msukuma, amejifungua mapacha. Maziwa ya mapacha! Shangazi anayataja kama mafuta yaliyobarikiwa na askofu.

Nikakataa. "Daktari anataka pakavu, Shangazi. Pakavu tu."

"Pakavu," akarudia. "Haya, mwanangu. Sikio ni lako."

Akajitolea kunisokotea pamba nikiwa kazini. Nilitegemea vita. Nimelala na shukrani.

Jumatatu, 20 Juni

Nafuata kila neno. Naoga kama paka. Usaha haupungui, umezidi. Sasa unanuka, na Tausi amesogeza kiti chake kidogo, anadhani sijaona. Nimehamishia kisikilizio kulia. Waya wake unapita juu ya mkono unaoandika, nachanganya, nachelewa. Tausi ananifunikia makosa. Nachukia kufunikiwa.

Alhamisi, 30 Juni

Daktari ameangalia, akanusa, akakunja uso. "Unatia nini humu?"

Nikasema sitii kitu.

"Dada, mimi si polisi. Unatia nini?"

Nikaapa. Hakuamini. Mimi, niliyemaliza kidato cha sita, ninayesoma maelezo ya dawa mpaka mstari wa mwisho, nimeonekana mwongo mbele ya foleni nzima. Nimepita sokoni bila kumsalimia mtu. Wakanuna. Wanune.

Jumapili, 3 Julai

Misa ya kwanza iliisha mapema. Nimeingia uani kwa mlango wa nyuma. Kwenye ungo, juani, pamba zangu zimeanikwa kama dagaa. Mama Kulwa amekaa kwenye kigoda, pacha mmoja mgongoni, anajikamua kwenye kibakuli. Shangazi anachovya msokoto mmoja mmoja na kuupanga.

Nikauliza wanafanya nini.

"Si daktari kasema pakavu?" Shangazi akachovya msokoto mwingine. "Ndiyo tunayakausha."

"Haya ni ya upande wa Doto," akasema Mama Kulwa, ananitabasamia. "Jana tulikamua ya Kulwa."

Nilipiga ungo teke. Nikawaita washamba, wote wawili, kwa sauti ambayo mtaa mzima umesikia. Mama Kulwa akajifunga kanga yake, akaondoka. Shangazi aliinama, akaanza kuokota pamba mchangani.

Wiki tatu nimelilisha sikio maziwa kwa mkono wangu mwenyewe. Nimelia. Si huzuni. Ni hasira tupu.

Jumanne, 5 Julai

Shangazi hasemi nami. Anaweka ugali mezani, anatoka. Nasokota pamba mwenyewe. Nina haki ya kukasirika. Lakini yule mwanamke ana vinywa viwili vya kushibisha, na bado alinibakizia mimi. Hilo linanikera kuliko yote. Hata hasira yangu hawaniachii nzima.

Jumamosi, 16 Julai

Msokoto wa asubuhi umetoka mkavu. Wa mchana pia. Sijamwambia mtu.

Nimeenda kwa Mama Kulwa, nikamfulia nepi za mapacha bila kuulizwa. Nilipomaliza kuanika akaja kuzikagua. "Hujui kufua, dada. Rudia hii." Nikarudia. Akanipa Doto nimshike.

Ijumaa, 29 Julai

Hospitali, na Shangazi. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Daktari alipomaliza kuangalia, akaomba na yeye aone. Akachungulia muda mrefu.

"Ndiyo hilo tundu?"

"Ndilo, mama."

"Na tangu hapo mimi namwagia humo."

Daktari akaanza kuandika.

Sikio ni kavu kabisa. Tundu halijajifunga. Chuma kile bado nakisikia kwa mbali. Daktari hawezi kuthibitisha kitu. Ataniandikia rufaa ya upasuaji, nisubiri kuitwa, na amesema wazi kwamba hajui ni lini. Nimepitia kazini. Mkuu amesikitika kweli, nimeona. Jumatatu naanza stempu. Tausi alinikumbatia, akarudi kwenye laini. Kulikuwa na simu ya Kigoma.

Tumerudi kwa miguu. Shangazi alikuwa kushoto kwangu. Karibu na reli akapunguza mwendo, akapita nyuma yangu, akaja upande wa kulia. Kisha akaanza kutaja ndugu zetu walioko Dar, nani ana chumba, nani ana mdomo, nani anaweza kumpikia mgonjwa uji. Nilisikia kila jina.