Kahawa ya Nyumbani kwa Mama Hatem

Ahvaz,
12 Khordad

Mpendwa dada Feryal,

Pokea salamu za kijana mzuri kuliko wote Ahvaz, ambaye jua la huku likimwona hutafuta kivuli. Hujambo huko Isfahani? Na tumbo lako? Anayekula wali wa zafarani kila siku lazima aumwe. Sisi wazima, isipokuwa mama, hali wala halali.

Barua yako imenikera. Eti umetazama filamu ya mfungwa anayengoja kitanzi, ukalia, mwisho mama wa marehemu akasamehe, basi na sisi tusikate tamaa. Kaa na filamu yako! Kaka yetu Chasib ananyongwa kweli, Jumatano ijayo, na hapa hakuna anayepiga muziki.

Alhamisi tulikwenda kwa Mama Hatem, wazee tisa na mimi, kumwomba amsamehe Chasib damu ya mwanawe Naji. Kahawa ikaletwa. Unajua kwetu: mwombaji huweka kikombe chini, haonji mpaka akubaliwe; akinywa kabla, ombi limekufa. Vikombe kumi vikapoa mbele yetu. Mjomba Shenan aliomba kwa upole mpaka yule mama akaanza kufuta machozi kwa ncha ya shela.

Ndipo mwanawe mkubwa, Hatem, lile jitu lenye shingo ya nyati, akaniinamia.

"We mdogo wa muuaji, mbona hunywi? Unaogopa sumu?"

"Nikuogope wewe? Hata nguruwe wa bwawani wananikimbia!"

"Maneno tu. Kunywa basi, tukuone."

Mara Mama Hatem akainuka. "Naona kikombe kimoja kitupu. Haja yenu imekwisha. Nendeni kwa heri." Akaingia ndani, asitoke tena. Hatem akacheka. Laana imshukie, yeye na meno yake!

Mjomba hanisemeshi tangu siku hiyo. Anune tu, mzee yule.

Nisalimie shangazi Wabriya na shemeji Karim. Mungu awafunike kwa rehema zake, na sisi asitusahau.

Jana Chasib alipiga simu kutoka gerezani, akauliza ilikuwaje. Nikamwambia yule mama ana roho ya jiwe. Nimemdanganya, dada. Mama wa watu alikuwa analia, alikuwa karibu kabisa kusamehe. Kahawa niliinywa mimi.

Ni mimi nikupendaye,
Ghadhban