Ushahidi Wangu Juu ya Kiwanja cha Tudor

Jumatatu, 9 Safar 1447 (4 Agosti 2025)

Bismillahi. Leo nimekwenda Tudor, kwenye kiwanja cha kile kiwanda cha mafuta ya nazi. Nilikuwa sijakikanyaga tangu mwaka 1994. Magugu yamefika kifuani. Mwarobaini umeota ndani ya chumba cha mashine na kutokea juu ya paa.

Kamati ya wakfu yataka kujenga hapo uwanja wa michezo wenye paa. Mchoraji ni Trizah, binti wa watu wa bara aliyezaliwa hapa hapa Mombasa. Babake alikuwa mtu wa reli. Ana adabu. Aliniamkia, akanitafutia kiti kabla ya kukunjua karatasi zake. Mpira wa kikapu, wa wavu, wa mikono — na nafasi ya wachezao juu ya viti vya magurudumu. Sikukuu ikifika, pawe baraza la watu wote. Maji ya mvua yashuke kutoka kwenye paa hadi matangi ya chini ya kiwanda. Mawe ya kuta za zamani yajengewe tena. Upepo wa hori la bahari upite wenyewe, pasiwe na haja ya mashine za baridi.

Kisha uso ukamwinama. Katikati ya kiwanja umesimama ukuta wenye mihrabu, kidaka asimamapo imamu, nao haubomolewi. Sababu ni mimi. Mwaka ule marehemu Mzee Faraj, mwenye kiwanda, alitaka kubomoa ajenge maduka. Ikasemwa kwamba ndani yake palikuwa na msikiti. Nikaapa mbele ya wazee wa sulhu, wapatanishi wa mji, kwamba niliuona, na kwamba nilisali ndani yake utotoni. Kiwanja kikawa wakfu. Wakfu haukuwa na uwezo wa kukijenga. Kimelala miaka thelathini na moja.

Trizah asema uwanja hulazwa kaskazini na kusini ili jua lisiwapige wachezaji machoni. Ukuta umemlazimu kuulaza mashariki na magharibi. Jua litaingia, upepo utazibwa, mashine za baridi zitarudi. "Nusu ya kazi yangu imekufa hapo, Maalim. Lakini pa Mungu ni pa Mungu." Akaniomba nimwonyeshe kibla, upande wa kuelekea Makka, apate kuutia katika mchoro. Nikanyoosha mkono kaskazini.

Akatazama dira ya simu yake. Akatazama ukuta. Mihrabu yaelekea magharibi.

"Labda watu wa zamani walikisia," akasema, kwa kunisitiri.

Watu wa Mvita hawakisii wakakosea kiasi hicho. Nikaaga, nikarudi nyumbani.

Alhamisi, 12 Safar (7 Agosti)

Mafundi wamefyeka, wamechimbua udongo uliofunika mguu wa ukuta. Ndani ya mihrabu mna masizi, meusi, yameshikamana na mafuta. Juu yake mna tundu lipandalo hadi nje. Jared, msimamizi wao, akaingiza mkono mpaka begani.

"Hii ni dohani, Mzee. Kwani imamu wenu alikuwa akisalisha au akichoma mahindi?"

Wenzake wakacheka. Trizah akamkata jicho. Jared akaniomba radhi mara mbili. Nikamwambia hana kosa — na kweli hana. Ni tanuri la kukaushia mbata, nazi za kukamuliwa mafuta. Hata mimi naliona sasa.

Trizah hajajua uzito wa alichokiona. Adhani msikiti ulikuwa kando kidogo, wenye ukuta mwingine uliokwisha anguka. Ameniomba nikumbuke nilisimama wapi.

Ijumaa, 13 Safar (8 Agosti)

Sikusimama popote.

Naandika haya baada ya Sala ya Ijumaa, nikiwa na udhu wangu. Marehemu mwalimu wangu alinieleza kwamba alipokuwa kijana, akibeba nazi kiwandani, yeye na wenziwe wakisali ndani. Ni hayo tu. Mfanyakazi husali penye nafasi, na pahali palipotandikwa mkeka hapawi msikiti kwa mkeka. Jambo hilo nimelisomesha miaka arobaini.

Mashahidi walitakiwa wawili. Mmoja alikuwa mzee wa mtaa wa Kuze, aliyeuona ukuta kwa mbali akaudhania. Wa pili, mwalimu wangu. Akafariki siku tisa kabla ya kikao. Nikaingia mahali pake. Nilipoulizwa sikusema "nimesikia." Nilisema "nimeona." Nilidhani naitetea nyumba ya Mwenyezi Mungu, na kwamba macho ya mwalimu wangu ni macho yangu. Wala sikupata kumuuliza, alipokuwa hai, kama palikuwa msikiti.

Hakuna mwingine ajuaye. Mzee wa Kuze naye ametangulia. Nikinyamaza, uwanja utajengwa kombo, na tanuri litasujudiwa.

Jumapili, 15 Safar (10 Agosti)

Haki ya Mola aombwa Mola. Haki ya mja aombwa mja. Nimekwenda Kibokoni kwa Bi Nabiha, binti pekee wa Mzee Faraj. Nimemkuta barazani kwa ndani akichambua mchele. Nikamweleza yote. Hakuinua uso, wala mkono wake haukusimama.

"Wewe wadhani baba alikasirika?" akauliza.

Nikamwambia ndivyo nilivyodhani siku zote.

"Alilia. Alisema, Maalim hasemi uongo, basi mimi nimechemsha mafuta miaka ishirini ndani ya nyumba ya Mungu. Akafunga miezi miwili mfululizo, na sukari yake vile. Tukamkataza. Akatwambia, nyamazeni, nyinyi hamjui nilichokanyaga."

Aliishi mwaka mmoja baada ya hapo. Mimi nilimsalia jeneza. Nilisimama mbele.

"Mimi nimekusamehe, Maalim. Sitaki kesho kiyama tuje tuvutane kanzu. Lakini la kwake silimiliki." Akapepeta ungo. "Na usije ukaona umemaliza kwa kuja hapa. Mimi ni mwanamke mmoja na mchele wangu. Nenda kaseme waliko wanaume waliokusikia."

Nimerudi kwa miguu.

Jumatano, 18 Safar (13 Agosti)

Kikao cha kamati. Mwenyekiti ni Fahmi, niliyemsomesha tangu alifu. Trizah alikuwapo na michoro yake. Nikasimama nikasema: ushahidi wangu wa mwaka 1994 naurejea, yaani nauondoa. Sikuona. Nilisikia, na nilichosikia hakikuwa msikiti.

Trizah akaweka kalamu chini.

"Maalim umechoka," akasema Fahmi, kwa upole kabisa. "Miaka sabini na mitano si mchezo."

Nikamwambia sijachoka.

"Haya. Ushahidi huo ukianguka, kiwanja charudi kwa kina Nabiha, na sisi hatuna pa kujenga hata choo. Umelifikiri hilo?" Nikamwambia nimelifikiri, Bi Nabiha ni mtu, aombwe kama wanavyoombwa watu. Akatabasamu. "Maalim wangu, sisi tulikuwa tumekubaliana ukuta ule uitwe kwa jina lako. Kibao cha shaba. Tulitaka kukushtukiza."

Namwomba Mola anisamehe: kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilikiona kibao hicho.

Nikakikataa. Ndipo akasema kwamba kwa sheria, mtu aliyeingiwa na uzee wa akili ushahidi wake haupokewi, na kurejea kwake vilevile hakupokewi. Niwaletee barua ya daktari kwamba akili yangu ni timamu. Mlango huo wa fiqhi nilimfundisha mimi, na aliuhifadhi vizuri. Uongo wangu ulipokewa siku moja, pasi na barua.

Mlangoni Trizah alinifuata. "Maalim, pole. Mimi siko upande wa mtu. Lakini mchoro wa kaskazini sijautupa, uko pale pale." Hakunitazama kwa huruma, nami namshukuru kwa hilo.

Jumanne, 24 Safar (19 Agosti)

Naandika nikiwa kwenye benchi la kliniki, daftari magotini. Tulikuta watu tisa mbele yetu; wamebaki wawili. Mwanaesha, mke wangu, yuko ubavuni.

Nesi ametoka na karatasi. Asema daktari huanza na aishiye na mzee. Humuuliza: husahau? hurudia maneno? hupotea?

Nilipotea, mara moja. Mwezi uliopita, wa Muharram, nilitoka msikitini baada ya alfajiri, nikashindwa kuijua njia ya nyumbani, katika vichochoro nilivyozaliwa ndani yake. Nilisimama kando ya duka la kahawa lililofungwa, nikaomba dua, hadi Mwanaesha alipokuja na buibui lake akanishika mkono. Hatukumwambia mtu. Hata sisi wawili hatukulizungumza. Halikutokea tena. Fahmi halijui.

"Babake Zulfa," ameninong'oneza mke wangu sasa hivi, "nikilisema lile, ndiyo basi. Wataandika akili imekwenda, na Fahmi atakuwa amepata alitakalo."

Nimeinamia daftari.

"Mara moja tu," amesema. "Mara moja si kitu. Nani hajapotea mara moja?"

Nesi ameita jina lake. Amesimama, akanyoosha mtandio, akabaki akiningoja. Miaka arobaini na minane tumeoana, na sijapata kumwona akiomba ruhusa kwangu kwa macho namna hii.

Nimemwambia: "Sema ulichokiona, Mwanaesha. Usizidishe, usipunguze."

"Na wewe je?"

"Mimi nitasema baada yako."

Ameingia. Mlango umefungwa. Nasikia sauti ya daktari ikiuliza, nzito, taratibu. Mwanaesha bado hajajibu.