Mtamba wa Daktari Mchina

Mdogo wangu Robi,

Neema ya Mungu ikukute salama hapo Bomani. Huku Nyansurura mvua imenyesha na maziwa ni mengi. Wifi yetu amepona, mtoto ananyonya.

Jana alikuja yule daktari Mchina aliyempasua. Kaka Marwa akamtolea mtamba mwekundu kwa shukrani, mbele ya wakwe zake wote. Daktari akasimama, akashika mkono wa kaka kwa mikono yake miwili, akasema Kichina polepole, kama mtu anayesali. Nikamnong'oneza mkalimani aliyekuja naye, "Amekubali?"

"Amekataa, mama. Hawaruhusiwi kupokea. Ila hiki ni Kichina cha heshima, neno hapana halimo. Anasema moyo wenu ameupokea wote, ila yeye ni mdogo mno kwa zawadi hii, na anaomba radhi kwa kuwasumbua."

Robi, sijawahi kusikia mtu akikataa vizuri hivyo! Lakini kaka uso ulimshuka. Ng'ombe kurudishwa mbele ya wakwe, aibu yake unaijua. Baba mkwe akaguna, "Marwa, kwani mtamba wako ana kasoro gani?"

Kaka akafikiri, kisha akamwambia mkalimani, "Mwambie sijasema aondoke naye. Ng'ombe ni wake, mimi namchungia tu."

Daktari kusikia hivyo akacheka sana, akainama, akampa mtamba jina la Kichina. Leo asubuhi kaka analiita zizini kwa lafudhi yake ya Kikurya, na mtamba anageuka.

Wakumbatie wanao. Mungu awafunike.

Dada yako, Ghati